Historia ya Ruhusa: Google, Mnada wa Matangazo na Sheria ya Ukiritimba

Sheria ya Marekani inayokataza ukiritimba, yaani hali ya kampuni moja kulishika soko kiasi cha kupanga bei na masharti bila kuwajali washindani wake, ilitiwa saini na Rais Benjamin Harrison tarehe 2 Julai 1890, na kwa kawaida huitwa Sheria ya Sherman kwa jina la seneta wa Ohio aliyeipigania. Ni sheria fupi mno. Kifungu chake cha kwanza kinakataza mapatano ya kubana biashara, na cha pili kinakataza mtu au kampuni kulihodhi soko au kujaribu kulihodhi. Lakini haikueleza kuhodhi ni nini, wala haikutaja sehemu ya soko ambayo mtu akiivuka atakuwa ametenda kosa, na kwa hiyo iliwaachia majaji kazi ya kuijaza maana kesi baada ya kesi. Jambo moja majaji hao wameling'ang'ania hadi leo: ukubwa si kosa. Kampuni iliyokua kwa ubora wa bidhaa yake au kwa bahati njema haivunji sheria. Inayoivunja ni ile inayoutumia ukubwa huo kuwafungia wengine mlango. Mashtaka yaliyoikabili Google kuhusu utafutaji na matangazo yamesimama juu ya mstari huo mwembamba, na historia yake, ikisomwa kwa utaratibu, si historia ya kampuni iliyotenda mambo gizani bali ya kampuni iliyoomba ruhusa mchana kweupe na kupewa.

Kesi kubwa za mwanzo zilionyesha kwamba kuuthibitisha ukiritimba ni kazi moja na kuuvunja ni kazi nyingine. Standard Oil ya John D. Rockefeller, iliyokuwa imeyaweka makampuni mengi ya mafuta chini ya mikono ya wadhamini wachache, ilishtakiwa mwaka 1906, na mwaka 1911 Mahakama ya Juu ikathibitisha amri ya kuigawa katika makampuni 34, ambayo hisa zake zilipanda thamani na kumtajirisha Rockefeller kuliko alivyokuwa kabla ya kushindwa. AT&T, kampuni ya simu, ilishtakiwa mwaka 1974, ikakubali mwaka 1982 kuachana na huduma za simu za majimboni, na mgawanyo ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1984. IBM ilishtakiwa Januari 1969, ikabishana na serikali kwa miaka 13, kisha mwaka 1982 serikali yenyewe ikaiondoa kesi, soko la kompyuta likiwa limekwisha kubadilika sura. Watetezi wa makampuni makubwa hupenda kuutaja mfano wa IBM kama ushahidi kwamba teknolojia hujirekebisha bila mahakama. Wengine hujibu, na jibu lao lina uzito, kwamba IBM ilitangaza kuuza programu mbali na mashine mwaka ule ule wa 1969 iliposhtakiwa, na kwamba bila hatua hiyo makampuni ya programu yasingepata mahali pa kuota.

Wakati kesi hizo zikiendelea, fikra zenyewe zilibadilika. Mwaka 1978 Robert Bork, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha kitabu kiitwacho The Antitrust Paradox, akidai humo kwamba lengo pekee la sheria hii ni maslahi ya mlaji, na mahakama zikazoea kuyapima maslahi hayo kwa bei. Kipimo hicho kilikuwa na faida yake, kwa kuwa kiliwazuia majaji kuwalinda wafanyabiashara wazembe kwa kisingizio cha ushindani, lakini kilikuwa kipofu mbele ya biashara ambayo mlaji hatozwi hata senti moja. Mtu anayetafuta jambo kwenye intaneti hatoi pesa; anayetoa ni mwenye tangazo, na gharama hiyo humrudia mlaji ikiwa imejificha ndani ya bei ya viatu, ya bima au ya tiketi ya ndege. Bork huyo huyo, ambaye mwaka 1998 alisimama upande wa kampuni ya Netscape dhidi ya Microsoft, mwaka 2012 aliandika pamoja na mwenzake makala iliyogharimiwa na Google, akitetea kwamba kampuni hiyo haikuwa na hatia.

Kesi ya Microsoft ndiyo iliyoiingiza sheria ya 1890 katika ulimwengu wa programu. Wizara ya Sheria na majimbo kadhaa waliifungua tarehe 18 Mei 1998, wakilalamika kwamba kampuni hiyo iliutumia mfumo wake wa Windows, na mikataba yake na watengenezaji wa kompyuta, kukinyonga kivinjari cha Netscape, kivinjari kikiwa ni programu ambayo mtu hufungulia kurasa za intaneti. Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru Juni 2000 kampuni igawanywe kuwa kampuni mbili. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Juni 2001, Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Columbia ikaitengua amri ya mgawanyo lakini ikashikilia kwamba Microsoft ilikuwa imeulinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, na serikali mpya ya Rais George W. Bush ikamaliza shauri kwa mapatano. Kilichobaki hai ni kanuni, nayo ilikuja kutumika sana: mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba mshindani alizuiwa kabisa asiwafikie wateja, bali yatosha kuonyesha kwamba alifungiwa zile njia ambazo wateja wengi hupita.

Google ilisajiliwa kama kampuni Septemba 1998, miezi minne baada ya Microsoft kushtakiwa, na si haba wanaoamini kwamba ilikua salama kwa sababu mkubwa wa wakati huo alikuwa na mawakili mlangoni. Waasisi wake, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, walikuwa wameandika mwaka huo katika makala yao ya kitaaluma kwamba injini ya utafutaji inayoishi kwa fedha za matangazo haiwezi kukwepa kuwaelemea wenye matangazo. Ajabu ni kwamba njia iliyowatajirisha haikuwa yao. Aliyeanza kuuza nafasi za matokeo kwa mnada, mwenye tangazo akilipa pale tu mtu anapolibonyeza, ni Bill Gross kupitia kampuni ya GoTo.com, iliyobadilishwa jina kuwa Overture na kununuliwa na Yahoo mwaka 2003. Google ilizindua AdWords Oktoba 2000, ikaugeukia mnada wa aina hiyo mwaka 2002, ikashtakiwa na Overture kwa kuvunja hataza, na mwaka 2004, muda mfupi kabla ya kuuza hisa zake kwa umma, ikaumaliza ugomvi kwa kuipa Yahoo hisa milioni 2.7. Mchango wake wa kweli katika mnada huo ulikuwa kanuni kwamba nafasi ya juu haiendi kwa anayetaja bei kubwa pekee, bali huangaliwa pia uwezekano wa tangazo kubonyezwa, jambo lililomnufaisha mtafutaji na mwenye mnada kwa wakati mmoja.

Sambamba na mnada kulikuwa na suala la milango. Mwaka 2002 Apple ilikubali kutumia injini ya Google katika kivinjari chake kipya cha Safari, bila fedha kupita kati yao, na mwaka 2005 pande hizo mbili zikaanza kugawana mapato ya matangazo. Mwaka huo wa 2005 Google ikanunua kampuni ndogo ya Android, ambayo mfumo wake ulikuja kuendesha sehemu kubwa ya simu janja duniani. Mikataba ya namna hii ilinunua kitu kimoja tu, yaani hadhi ya kuwa chaguo la awali, ile injini ambayo mtumiaji huikuta imeshawekwa tayari siku anapokifungua kifaa chake, na ambayo watu wengi hawaibadilishi hata kama kuibadilisha ni kazi ya dakika moja.

Tukio lenye uzito kuliko yote, ingawa halikupewa kurasa nyingi magazetini, lilitokea Aprili 2007, Google ilipotangaza kuinunua DoubleClick ya New York kwa dola bilioni 3.1. Ili kuielewa biashara hiyo ni lazima kutofautisha aina mbili za matangazo. Tangazo la utafutaji hutokea kwenye ukurasa wa Google yenyewe mtu anapoandika neno. Tangazo la picha hutokea kwenye ukurasa wa mwingine, kwa mfano gazeti, na mwenye gazeti ndiye anayeuza nafasi. DoubleClick ilikuwa na programu iliyotumiwa na wachapishaji wengi wakubwa, iitwayo seva ya matangazo, ambayo kazi yake ni kuamua, kila ukurasa unapofunguliwa, ni tangazo lipi litakaloonekana na kwa bei gani. Aliyeishika seva hiyo alishika daftari la muuzaji. Tume ya Shirikisho ya Biashara, mojawapo ya vyombo viwili vya serikali ya Marekani vinavyosimamia ushindani, iliuruhusu ununuzi huo Desemba 2007 kwa kura 4 dhidi ya 1, kwa hoja kwamba Google na DoubleClick hazikuwa zikishindana moja kwa moja. Kamishna Pamela Jones Harbour peke yake alipinga, akionya kwamba kuunganisha data za utafutaji na data za matangazo ya picha kungelielemeza soko upande mmoja, na kwamba wenzake walikuwa wakiitazama biashara kama ilivyokuwa siku hiyo, si kama itakavyokuwa. Tume ya Ulaya nayo ikaruhusu Machi 2008. Haiwezekani kusema kwamba walioruhusu walikuwa wazembe. Walitumia kipimo kilichokuwepo, na kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa kifupi.

Mwaka huo wa 2008 Google ilitaka pia kuingia mkataba wa kuiletea Yahoo matangazo ya utafutaji, na safari hii Wizara ya Sheria ilitishia kwenda mahakamani hata Google ikajitoa mwezi Novemba. Ni mwaka huo huo ambapo uongozi wa kampuni uliamua kwamba mazungumzo ya maandishi ya papo kwa papo baina ya wafanyakazi yasihifadhiwe bali yajifute yenyewe, huku wafanyakazi wakifundishwa maneno ya kuepuka katika barua pepe, kama vile yale yanayohusu kuliteka soko. Majaji wawili, kila mmoja katika kesi yake, walikuja kuulaumu vikali mwenendo huo. Desemba 2011 wizara iliruhusu ununuzi wa AdMeld, kampuni iliyowasaidia wachapishaji kupata bei nzuri kutoka masoko mbalimbali. Na tarehe 3 Januari 2013 Tume ya Shirikisho ya Biashara ikaufunga uchunguzi wake wa miezi 19 kuhusu upendeleo katika matokeo ya utafutaji, bila kufungua kesi. Miaka miwili baadaye sehemu ya ripoti ya ndani ya tume ilitolewa kwa bahati mbaya kwa gazeti la Wall Street Journal, na ikaonekana kwamba watumishi wake walipendekeza Google ishtakiwe kwa baadhi ya matendo yake.

Ulaya ilipita njia tofauti, kwa kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya haikatazi ukiritimba wenyewe bali matumizi mabaya ya nafasi ya utawala sokoni, na humtwika aliye katika nafasi hiyo wajibu wa pekee kwa wanaoshindana naye. Chanzo kilikuwa kampuni ndogo ya Uingereza, Foundem, tovuti ya kulinganisha bei iliyoanzishwa na Shivaun na Adam Raff mwaka 2006, ambayo mara tu baada ya kufunguliwa ilishushwa chini kabisa katika matokeo ya Google, ilhali huduma ya bei ya Google yenyewe ilikuja kupewa nafasi ya juu. Walilalamika kwa Tume ya Ulaya mjini Brussels Novemba 2009. Kamishna wa ushindani wa Ulaya, Joaquín Almunia, alijaribu kwa miaka kufikia suluhu. Mrithi wake, Margrethe Vestager, akachagua faini: euro bilioni 2.42 mwaka 2017 kwa upendeleo wa huduma ya ununuzi, bilioni 4.34 mwaka 2018 kwa masharti ya Android, na bilioni 1.49 mwaka 2019 kwa mikataba ya matangazo. Faini ya kwanza ilithibitishwa na Mahakama ya Haki ya Ulaya tarehe 10 Septemba 2024, miaka 15 baada ya malalamiko na miaka takriban minane baada ya Foundem kufunga shughuli. Ya pili ilipunguzwa kidogo mwaka 2022. Ya tatu ikafutwa siku nane tu baada ya ushindi wa kwanza. Brussels iliona mapema kuliko Washington, lakini iliona kwa macho ya mtoza faini, na faini, hata ikiwa ya mabilioni, haiwafungulii mlango waliokwisha kuondoka sokoni.

Wizara ya Sheria ya Marekani ilirudi uwanjani tarehe 20 Oktoba 2020, ikiwa pamoja na majimbo 11, kwa kesi iliyofunguliwa chini ya Rais Donald Trump, ikasikilizwa chini ya Rais Joe Biden na kuingia katika hatua ya amri za marekebisho Trump akiwa amerudi madarakani, mwendelezo ambao ni nadra katika siasa za nchi hiyo zilizogawanyika. Usikilizaji ulianza tarehe 12 Septemba 2023 mbele ya Jaji Amit Mehta mjini Washington na ukachukua wiki kumi. Kilichojitokeza ni ukubwa wa fedha za milango: Google ilikuwa imelipa dola bilioni 26.3 mwaka 2021 kwa ajili ya kuwa chaguo la awali katika vivinjari na simu, na Apple peke yake ilipokea takriban bilioni 20 mwaka 2022. Shahidi mtaalamu wa upande wa Google mwenyewe alitaja mahakamani, katika jambo lililokusudiwa kubaki siri, kwamba Apple ilikuwa ikipata asilimia 36 ya mapato yatokanayo na utafutaji wa Safari.

Google ilijibu kwamba Apple huichagua kwa sababu ndiyo bora, na kwamba mtumiaji asiyeipenda anaweza kubadilisha kwa kubonyeza mara chache. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, na jaji hakuipuuza. Alikiri kwamba injini ya Google ndiyo yenye ubora wa juu. Alichouliza ni kwa nini, kama ubora ungetosha, kampuni ilitoa mabilioni kila mwaka kununua uzembe wa kawaida wa binadamu. Makadirio ya ndani ya Google yenyewe yalionyesha kwamba kuipoteza nafasi ya awali katika simu za Apple kungeipotezea sehemu kubwa ya utafutaji unaofanyika humo. Microsoft ilikuwa imetumia takriban dola bilioni 100 katika utafutaji kwa miaka ishirini na bado ikabaki nyuma sana. Neeva, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Sridhar Ramaswamy, ambaye kabla ya hapo ndiye aliyekuwa mkuu wa matangazo wa Google, ilifunga injini yake mwaka 2023. Mduara wenyewe ni rahisi kuueleza: anayepata maswali mengi hupata data nyingi, data huboresha majibu, majibu mazuri huleta matangazo, na fedha za matangazo hununua tena milango inayoleta maswali.

Hukumu ya tarehe 5 Agosti 2024 ilitamka waziwazi kwamba Google ni mhodhi na imetenda kama mhodhi ili kuulinda ukiritimba wake. Mahakama ilikuta kwamba mwaka 2020 kampuni ilishika asilimia 89.2 ya utafutaji wa jumla nchini Marekani, na asilimia 94.9 kwenye simu, na kwamba takriban nusu ya utafutaji wote nchini ulipitia milango iliyofungwa na mikataba hiyo. Kuhusu matangazo, jaji alitofautisha kwa uangalifu. Katika soko pana la matangazo yote ya utafutaji, ambamo Amazon na wengine wamo, hakuona ukiritimba. Katika soko la matangazo ya maandishi ya utafutaji wa jumla aliuona, na ushahidi wake ulikuwa kwamba Google imeweza kupandisha bei kidogo kidogo kwa kuzirekebisha kanuni za mnada bila hata kuangalia washindani wanatoza nini. Hapo ndipo kipimo cha bei, kilichokuwa kipofu kwa mtafutaji asiyelipa, kilipopata macho kwa kumtazama anayelipa.

Kesi ya pili, iliyofunguliwa tarehe 24 Januari 2023 mjini Alexandria, Virginia, ilihusu matangazo ya picha, na ndiyo inayofichua zaidi matunda ya ruhusa ya 2007. Serikali ilidai pia fidia kwa ajili ya idara zake zilizonunua matangazo, dai ambalo lingeipeleka kesi mbele ya baraza la raia wanaoamua kesi. Google ikaandika hundi ya zaidi ya dola milioni 2 kulipa kiasi chote kilichodaiwa kabla ya kusikilizwa, na hivyo uamuzi ukabaki mikononi mwa Jaji Leonie Brinkema peke yake.

Kila mtu anapofungua ukurasa wa gazeti kwenye intaneti, mnada hupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla ukurasa haujakamilika. Upande wa muuzaji kuna seva ya matangazo, ile iliyokuwa ya DoubleClick, iliyotumiwa na takriban asilimia 90 ya soko husika. Upande wa mnunuzi kuna programu ambazo wenye matangazo hupitia, na kubwa kwa wafanyabiashara wadogo ni ya Google. Katikati kuna soko la mnada lenyewe, AdX, ambalo Google ilizindua mwaka 2009 na ambalo kwa kawaida lilikata asilimia 20 ya kila mauzo. Katika mnada wowote dalali hujulikana ni wa nani. Hapa dalali wa muuzaji, dalali wa mnunuzi na mwenye uwanja walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na bidhaa yake pia ya kuuza uwanjani. Katika kumbukumbu zilizotolewa mahakamani, meneja mmoja wa Google alikuwa amewauliza wenzake kama hali hiyo haifanani na benki kubwa kumiliki soko la hisa la New York.

Namna nafasi hiyo ilivyotumika ni suala la kiufundi, lakini ndiko uzito wa kesi ulikokuwa. Kwa muda mrefu seva iliipa AdX fursa ya kutoa bei kabla ya masoko mengine, na baadaye, pale masoko mengine yalipokwisha kutaja bei zao, AdX ilipata nafasi ya kuziona na kuzipita kidogo. Kuanzia mwaka 2014 hivi wachapishaji walibuni ujanja wa kuyaita masoko yote yashindane kwa pamoja kabla ya seva ya Google kuitwa, na ujanja huo ukawapandishia mapato. Mwaka 2019 Google ikaweka kanuni ya bei moja, iliyomzuia mchapishaji kuidai AdX bei ya chini iliyo kubwa kuliko anayoyadai masoko mengine, na hivyo kumnyang'anya silaha aliyokuwa nayo. Mchapishaji hakuweza kuihama seva hiyo kwa sababu AdX ilitoa bei za papo kwa papo kupitia seva hiyo tu, na hakuweza kuiacha AdX kwa sababu humo ndimo yalimopita matangazo ya wafanyabiashara wadogo wasiohesabika waliojisajili Google. Sheria huuita mtindo huo ufungamanishaji: kulazimisha anayetaka bidhaa moja achukue na ya pili.

Tarehe 17 Aprili 2025 Jaji Brinkema aliamua kwamba Google ilihodhi kinyume cha sheria soko la seva za wachapishaji na soko la mnada, na kwamba ilivifungamanisha viwili hivyo; dai la tatu, kuhusu programu za upande wa wanunuzi, akalitupa. Sehemu ya hukumu hiyo inayostahili kusomwa mara mbili ni ile inayohusu ununuzi wa DoubleClick na AdMeld. Jaji alikubali kwamba ulisaidia kuipa Google nguvu ya ukiritimba, lakini akasema kwamba ukitazamwa peke yake hautoshi kuthibitisha mwenendo wa kuwafungia wengine. Kwa maneno mengine, ruhusa zilizotolewa zamani hazikugeuzwa kuwa makosa. Kosa lilikuwa jengo lililosimamishwa juu yake, matofali yote yakiwa yameletwa kwa kibali.

Athari za jengo hilo hazikuishia Marekani, kwa kuwa gazeti la Johannesburg, la Nairobi au la Dar es Salaam linalouza nafasi zake za matangazo kwa mashine huziuza katika minada ile ile. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini, iliyochunguza uhusiano wa majukwaa na vyombo vya habari kuanzia mwaka 2023, ilitangaza Novemba 2025 mpango ambao ndani yake Google ilikubali kutoa randi milioni 688 kusaidia vyombo vya habari vya nchi hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani tangu 2003 na Kenya tangu 2010, zote zikikataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, ingawa zilitungwa zikilenga zaidi saruji, sukari na bia kuliko seva.

Katika kesi zote mbili ugumu ulihamia kwenye nafuu, yaani amri ambayo mahakama hutoa ili kurekebisha madhara. Wizara ilimwomba Jaji Mehta ailazimishe Google kukiuza kivinjari chake cha Chrome. Tarehe 2 Septemba 2025 alikataa; akapiga marufuku mikataba inayomfunga mwenzi asitumie injini nyingine, akaamuru baadhi ya data za utafutaji zigawiwe washindani wanaokidhi vigezo, lakini akaruhusu malipo ya chaguo la awali yaendelee, kwa kuhofia kwamba kuyakata ghafla kungewaumiza watengenezaji wa simu na vivinjari kama Mozilla. Alieleza kwamba kuja kwa programu za akili bandia kama ChatGPT kumelibadilisha soko tangu kesi ilipoanza, na kwamba jaji anatakiwa kuwa mnyenyekevu anapotabiri biashara. Ni hoja ya busara, ila ndiyo ile ile iliyotolewa wakati wa kuizika kesi ya IBM, na ina kasoro ya kumpa zawadi anayeweza kuchelewesha. Siku iliyofuata hisa za Alphabet, kampuni mama ya Google, zilipanda.

Siku tatu baada ya hukumu hiyo Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.95 kwa mwenendo ule ule wa soko la matangazo ya picha, na tarehe 22 Septemba 2025 usikilizaji kuhusu nafuu ukaanza Alexandria. Serikali ilitaka AdX iuzwe. Google ilitoa ahadi ya kubadili mwenendo: kuziruhusu seva nyingine zipate bei za AdX za papo kwa papo na kuiondoa ile kanuni ya bei moja, ikisisitiza kwamba kuling'oa soko la mnada kutoka ndani ya mitambo yake ni kazi ya miaka. Katika hoja za mwisho za Novemba Jaji Brinkema alionyesha kwamba suala la muda lilimsumbua kuliko mengine, kwa kuwa amri ya kuuza, ambayo mnunuzi wake hakuwa amejulikana, ingesimama ikisubiri rufaa, ilhali amri ya kubadili mwenendo ingeweza kuanza kutumika mapema.